Mjadala wa staha ni nini?

Mjadala wa staha ni mabishano ya kisiasa ambamo unaipinga hoja ya mwenzako kwa nguvu zako zote bila kumvunjia heshima yeye, dini yake wala chama chake. Si lazima muishie kukubaliana. Wala si kunyamaza, ingawa hapa Dar es Salaam wengi tumezoea hivyo: kijiweni mtu akigusa siasa na dini kwa pamoja, mzee mmoja hukata, “Hayo tuyaache jamani.” Jioni ile inapita salama, lakini dukuduku linabaki, na kila mtu huenda kulitoa kwa watu wa upande wake tu.

Chukua suala la Mahakama ya Kadhi, yaani mahakama ya hakimu wa Kiislamu anayeamua mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka na mirathi. Kule Zanzibar mahakama hiyo ipo kisheria. Huku Tanzania Bara iliondolewa kwenye mfumo wa mahakama za nchi miaka ya 1960. Chama tawala, CCM, kiliigusa katika ilani yake ya uchaguzi ya 2005, ikaibuka tena katika mchakato wa Katiba wa 2014, na hadi leo ikitajwa Kariakoo sauti hupanda. “Mnataka kuigeuza nchi iwe ya Kiislamu!” “Nyie nchi yote mmeifanya mfumo Kristo, ya kuwapendelea Wakristo!” Hapo hakuna aliyejadili mahakama.

Hoja zenyewe ni nzito kuliko kelele hizo. Mkristo anayepinga anaweza kusimama kwenye ibara ya 19 ya Katiba, inayoweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, akauliza: kadhi atalipwa na nani? Swali hilo si chuki. Mwislamu naye atamjibu kwamba mahakama za mwanzo tayari huamua mirathi ya Waislamu kwa sheria ya Kiislamu, na hakimu anaweza kuwa mtu asiye wa dini hiyo. Dai hilo si njama. Wakifika hapo wanaweza kuulizana yanayomgusa mtu wa kawaida: mjane asiporidhika na uamuzi wa kadhi, atakata rufaa wapi?

Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, hoja hii ingebaki na uzito uleule kama angeisema mtu wa dini nyingine?

Wingi wa watu nao hautoshi kuwa hoja. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ilikuta takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mpaka upo: anayehimiza wenzake wapigwe ameshatoka kwenye mjadala. Lakini tusiidai staha kwa mnyonge peke yake. Kwenye mkutano wa mtaa, mwenye kipaza sauti ndiye wa kuanza kuionyesha: amwache anayempinga amalize kusema, ajibu alichoulizwa, na mtu huyo arudi nyumbani bila hofu.