Je, wajua? Goli la ugenini halijawahi kuhesabiwa mawili

Mwezi Machi mechi za mtoano za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa tano usiku kwa saa za huku kwetu. Ulaya wakishasogeza saa zao mwishoni mwa mwezi huo, robo fainali za Aprili zinaanza saa nne. Kwa hiyo kwenye vibanda umiza vya Mwanza, iwe Igoma, Mabatini au Kirumba, ubishi wa marudiano huwaka usiku mkubwa, watu wamechoka, mikeka ya kubeti iko mfukoni, na mwenye kibanda anawaomba waliosimama mbele wakae wenzao waone. Katika ubishi huo kuna hoja moja haikosekani: "Sisi tulifunga mawili kwao. Ugenini goli moja ni mawili, kwa hiyo hayo ni manne." Anayebisha anatolewa simu, apigiwe hesabu mbele ya mashahidi.

Hesabu hiyo haipo. Haipo leo, kwa kuwa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilifuta kanuni ya goli la ugenini kuanzia msimu wa 2021/22. Ila kinachowashangaza wengi ni kwamba haikuwepo hata wakati kanuni yenyewe ilipokuwa hai, na iliishi zaidi ya miaka 50. Hakuna msimu hata mmoja ambao goli la ugenini lilihesabiwa mawili.

Kanuni ilikuwa hivi. Jumlisha magoli ya mechi zote mbili, kila goli likiwa moja. Aliyezidi amepita, wala hakuna wa kuuliza lilifungwa wapi. Jumla zikilingana, hapo tu ndipo linaangaliwa jambo la pili, yaani nani kafunga mengi zaidi ugenini. Nayo yakilingana, mnaingia dakika 30 za nyongeza na, ikibidi, matuta, yaani penalti.

Mfikirie mnunuzi wa sangara pale soko la samaki la Mwaloni aliyebakiwa na nafasi ya samaki mmoja kwenye barafu yake, na anamtaka mzito. Anawapandisha wawili kwenye mizani. Mmoja akizidi, anamchukua huyo. Wakilingana ndipo anafunua mashavu na kutazama ndani: mwenye wekundu mbichi anaondoka naye, aliyepauka anabaki mezani. Wekundu ndio umeamua, lakini haujaongeza hata gramu moja kwenye mizani. Anayeandika kwenye daftari kwamba samaki wa kilo sita ni wa kilo kumi na mbili kwa sababu mashavu yake ni mekundu atagombana na watu kabla jua halijawa kali.

Sasa, kama hesabu ya kuzidisha ni potofu kiasi hicho, mbona imedumu? Imedumu kwa sababu inatoa jibu sahihi kila mara kanuni inapotumika. Hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika habari hii. Chukua Simba na UD Songo, Agosti 2019: 0-0 kwao Msumbiji, 1-1 Dar es Salaam. Kwa njia halali, jumla ni 1-1, Songo wana goli la ugenini, Simba nje. Kwa njia ya kuzidisha, Songo wana mawili, Simba moja, Simba nje vilevile. Si bahati. Jumla zikiwa sawa, kuzidisha kunamwongezea kila mmoja idadi ya magoli yake ya ugenini tu, kwa hiyo pengo linalojitokeza ni lilelile ambalo kanuni ingeliangalia. Mtu anaweza kushabikia mpira miaka 20 akitumia njia mbovu na asikosee hata mechi moja iliyoamuliwa kwa goli la ugenini. Nani atamwambia kitu?

Ubovu unajitokeza pale jumla zinapotofautiana kidogo. Tuseme timu imeshinda 4-2 nyumbani, ikaenda kufungwa 1-0. Jumla ni 4-3, imepita. Zidisha yale mawili ya mgeni na utapata 5-4 kwa upande mwingine, yaani unamtoa aliyeshinda.

Mfano wa kweli upo, tena ni wa mechi ambayo nusu ya mji inadai iliitazama mpaka mwisho. Februari 2017 PSG waliifunga Barcelona 4-0 jijini Paris. Machi 8 Barcelona wakashinda 6-1 kwao Camp Nou, wakapita kwa 6-5 bila dakika za nyongeza. Sasa piga hesabu ya kibandani: PSG manne ya Paris, jumlisha lile la Cavani la Camp Nou likihesabiwa mawili, jumla sita. Barcelona sita ya nyumbani, ugenini sifuri. Sita kwa sita! Goli la Sergi Roberto la dakika ya 95, lililotikisa dunia, lingekuwa limesawazisha tu na watu wangeingia dakika za nyongeza. Hawakuingia. Refa alimaliza mpira, PSG wakapanda ndege.

Mechi hiyohiyo inaonyesha pia hisia ya "mawili" inatoka wapi, maana watu hawakuiokota barabarani. Kabla Cavani hajafunga, Barcelona waliongoza 3-0. Goli moja zaidi lingefanya jumla 4-4, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na goli la ugenini, wangecheza dakika za nyongeza. Mawili yangewapitisha. Dakika ya 62 Cavani akafunga, ikawa 3-1. Ghafla mawili hayatoshi: 5-1 ni 5-5 kwa jumla, na PSG wanapita kwa goli la Cavani. Barcelona wakahitaji matatu. Goli moja la mgeni lilikuwa limefuta kabisa njia ya sare, na aliyekuwa akihitaji moja ili abaki hai sasa anahitaji matatu. Ukiwa umekaa kwenye benchi la mbao unatazama hayo, moyo unakuambia lile goli lilikuwa mawili. Moyo unaelewa uzito wa goli. Kwenye hesabu umeteleza.

Historia ya kanuni yenyewe ni fupi. Zamani timu zikilingana, zilirudiana uwanja wa tatu, na zikilingana tena, bahati iliamua. Mwaka 1965 Liverpool na Köln walitoka 0-0, 0-0, kisha 2-2 mjini Rotterdam. Refa akarusha kidude cha rangi mbili; mara ya kwanza kikakwama wima kwenye tope. Kikarushwa tena, Liverpool wakafuzu. Msimu uliofuata, 1965/66, UEFA ikaingiza goli la ugenini katika Kombe la Washindi, na Honvéd ya Budapest ikaitoa Dukla Prague kwa kanuni hiyo baada ya jumla ya 4-4. Nia ilikuwa pia kumshawishi mgeni ashambulie badala ya kupaki basi.

Kilichotokea baadaye ni kwamba mgeni alishawishika kidogo na mwenyeji akaogopa sana. Fikiria kocha anayeanzia nyumbani. Sare ya 0-0 haimuumizi: kule ugenini sare yoyote yenye magoli inampitisha. Sare ya 1-1 inamuumiza, kwa sababu sasa 0-0 ya marudiano inamtoa. Mechi zote mbili hizo ni sare, lakini kwake ni vitu tofauti kabisa, na kilichozitofautisha ni goli aliloruhusu, hata kama na yeye kafunga moja. Basi kwa nini apandishe mabeki? Juni 24, 2021, wakati UEFA inatangaza kuifuta kanuni, rais wake Aleksander Čeferin alisema hasa hilo: ilikuwa inafanya kinyume cha kusudi lake, inamkataza mwenyeji kushambulia, hasa katika mkondo wa kwanza.

UEFA ilitoa na takwimu. Tangu katikati ya miaka ya 1970, ushindi wa nyumbani ulishuka kutoka asilimia 61 hadi 47, wa ugenini ukapanda kutoka 19 hadi 30. Wastani wa magoli kwa mechi ulikuwa 2.02 kwa mwenyeji na 0.95 kwa mgeni, ukawa 1.58 na 1.15. Kwa maneno mengine, kufunga ugenini si muujiza tena, hivyo hakuna haja ya kulipa zawadi.

Hapa inafaa kwenda polepole. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba ugenini kumekuwa kwepesi. Hazionyeshi kwamba kanuni ndiyo iliyowatia woga wenyeji. UEFA yenyewe ilitaja sababu nyingine: viwanja bora na vinavyofanana vipimo, usafiri usiochosha, VAR (refa kusaidiwa na video) na teknolojia ya mstari wa goli. Mwenyeji anaweza kufunga machache kwa sababu ya woga, au kwa sababu tu mgeni siku hizi hafiki akiwa hoi. Vyote viwili vinaacha alama ileile kwenye jedwali.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa mchezo wa "ingekuwa kanuni ya zamani". Msimu wa 2023/24 unawatia watu tamaa ya kuucheza. Machi 2024 Inter walishinda 1-0 kwao, wakafungwa 2-1 na Atlético; kwa kanuni ya zamani goli la Dimarco pale Madrid lingewavusha. Wakaenda matuta, wakatoka, na waliotakiwa kuwahi Mwaloni alfajiri walirudi nyumbani saa nane kasoro. Mwezi uliofuata Real Madrid na Manchester City walitoka 3-3 Bernabéu, kwa Real, na 1-1 Etihad, kwa City. Zamani City wangepita kwa magoli matatu dhidi ya moja. Real wakashinda kwa matuta 4-3, na Juni wakabeba kombe Wembley. Mashabiki wa City wana haki ya kulitaja hilo mara moja kwa mwaka, zaidi ya hapo hapana. De Bruyne alisawazisha dakika ya 76. Kama 1-1 ingekuwa inawatoa, Real wasingebaki nyuma wakiziba kwa muda uliobaki. Ukibadilisha kanuni, umebadilisha na mechi.

Kinachovuruga zaidi ubishi wa Mwanza ni kwamba shabiki wetu anaishi chini ya kanuni mbili. UEFA ilipoiacha kanuni ya goli la ugenini, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliendelea nayo. Yanga wanaijua vizuri: Mei 28, 2023 walifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda Algiers Juni 3 wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa magoli ya ugenini. Katika Ulaya ya mwaka huohuo, wangeingia dakika za nyongeza.

Ukiwa Utopolo, yaani wa Yanga, hapo utaumia. Ukiwa Kolo, yaani wa Simba, ngoja kidogo kabla hujacheka. Septemba 2023 Simba walitoka 2-2 na Power Dynamos kule Ndola, na Oktoba 1 wakatoka 1-1 Dar. Wakapita kwa magoli ya ugenini. Siku chache baadaye wakakutana na Al Ahly kwenye ufunguzi wa African Football League: 2-2 Dar, 1-1 Cairo Oktoba 24. Wakatolewa kwa magoli ya ugenini. Matokeo yaleyale kabisa, 2-2 kisha 1-1, hawajapoteza mechi hata moja kati ya nne, kilichobadilika ni nani alikuwa mwenyeji wa ile ya kwanza. Kwa anayetaka kumfundisha mtu kanuni hii, huo mwezi mmoja wa Simba unatosha kuliko maelezo yote.

Na kama bado kuna anayeshikilia kwamba goli la ugenini lilikuwa na thamani yake ya asili kwa sababu ya safari, kelele na uwanja mgeni, mpeleke nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2003. AC Milan na Inter wanatumia uwanja mmoja, San Siro. Mkondo wa kwanza Milan waliandikwa wenyeji: 0-0. Siku sita baadaye, uwanja uleule, wakaandikwa wageni: 1-1, Shevchenko kwa Milan, Obafemi Martins kwa Inter. Milan wakaenda fainali kwa goli la ugenini, lililofungwa na mchezaji ambaye uwanja huohuo ulikuwa wa nyumbani kwake msimu mzima.