Ukijaribu gemu ya shabiki, eleza kilichotokea, dawa mwachie fundi

Wengi wanaojaribu gemu za Sonic, mhusika wa Sega anayekimbia kasi, zilizotengenezwa na mashabiki huacha maoni ya aina mbili: "kali sana" au "kuruka hakuko sawa". La kwanza humfurahisha mtengenezaji, la pili humnyima usingizi, na hakuna linalompa pa kuanzia. Kazi yangu ni kujaribu gemu hizi, na ninachodai kwa kila anayetaka kuniunga mkono ni hiki: mwambie ulibonyeza nini, ukategemea nini, ukaona nini. Marekebisho ni yake.

Chukua hilo la kuruka. Katika Sonic the Hedgehog ya 1991 kwenye Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega, hesabu za mwendo hufanywa upya kila fremu, yaani kila picha mpya kwenye skrini, takriban mara 60 kwa sekunde. Sonic akiruka kutoka tambarare huanza kupanda kwa pikseli (nukta za picha) 6.5 kwa fremu, kisha mvutano wa kumrudisha chini humpunguzia 0.21875 kila fremu. Ukiachia kitufe akiwa bado anapanda kwa kasi iliyozidi 4, kasi hukatwa papo hapo ikawa 4. Ndiyo maana ukigusa tu unapata mruko mfupi, ukishikilia unapata mrefu. Mtengenezaji akisahau mkato huo, gemu itapendeza kwenye video lakini kidole kitaikataa. Sasa mwandikie: "Nikigusa kitufe na kukiachia hapo hapo, anapanda juu sawa na nilivyoshikilia." Atajua afungue sehemu gani ya msimbo.

Lawama ya "hatua hii inaonea" ndiyo ngumu zaidi, na mara nyingi ina ukweli. Picha ya Mega Drive ina upana wa pikseli 320, na Sonic hukaa karibu na katikati, kwa hiyo mbele yake anaona pikseli 160 hivi. Kasi yake ya kawaida ya kukimbia hufikia 6 kwa fremu: miiba ikichomoza ukingoni mwa skrini, una fremu kama 27, chini ya nusu sekunde. Kwa spin dash ya Sonic 2, yaani kujiviringisha papo hapo kisha kuchomoka, ambayo humfyatua kwa kasi ya hadi 12, zinabaki 13 tu. Mchezaji anayeijua hatua huruka bila kufikiri. Mgeni hufa, na hakuona kilichomuua.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini aliyekilalia miezi mingi naye hawasikii tena wakiuma. Kwa sababu hiyo, rekodi mchezo wako wa kwanza kabisa, vitufe unavyobonyeza vikionekana kwenye skrini. Usisome maelekezo kwanza, wala usifute sehemu ulizokufa. Sehemu hizo ndizo anazozihitaji, na ukishaizoea hatua huwezi kumpa tena.

Kumbukumbu ya utotoni isiwe shahidi wako. Mega Drive za Ulaya zilitumia PAL, mfumo wa televisheni wa fremu 50 kwa sekunde, na Sonic ya kwanza haikurekebishwa kwa hilo, ikawa inakwenda polepole kwa takriban asilimia 17. Aliyekulia na hiyo atasema gemu ya shabiki imezidi kasi, kumbe iko sahihi. Fungua ya asili, cheza zote mbili kwa padi ileile, ndipo uandike.

Nawasisitizia haya kwa sababu kazi hizi si za mchezo. Christian Whitehead alianzia kwenye gemu za mashabiki, na mwaka 2017 Sega ikatoa Sonic Mania aliyoitengeneza na wenzake waliotoka uwanja huohuo.

Toleo jipya likija, rudi mahali palepale, fanya kosa lilelile, na mjulishe kama limeondoka. Kisha mtajie pia kile ambacho asikiguse. Nimeona mteremko mtamu ukifutwa kwa sababu hakuna aliyesema kwamba aliupenda.