Vifaa halisi havitoshi kuifanya filamu ya vita iwe ya kweli

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kuhariri filamu, na kwamba filamu za vita nimezichunguza kwa miaka mingi, huniuliza ipi kati yake ni ya kweli kuliko zote. Wanachotaka kusikia ni kama sare zimeshonwa sawasawa, kama askari wanashika bunduki jinsi wanavyofundishwa kambini, kama ndege ni ya aina iliyokuwapo mwaka ule. Maswali hayo yana majibu, na askari wastaafu huyajibu vizuri kuliko mimi. Mimi hukaa na picha zilizokwisha kupigwa, nikaamua ipi itangulie, ipi ikatwe na ipi isionekane kabisa. Ukiwa mezani pale unaona jambo ambalo mtazamaji hulipita kirahisi: uhalisia na propaganda vinaweza kukaa nyumba moja bila ugomvi. Mara nyingi jeshi hutoa uhalisia ili lipate propaganda.

Mfano wa kale ninaoupenda kuutumia ni wa mwaka 1916. Uingereza ilionyesha katika majumba ya sinema filamu kuhusu mapigano ya Somme, ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakati mapigano yenyewe yanaendelea kule Ufaransa. Yalianza Julai yakaisha Novemba, nayo filamu ilitoka Agosti. Inakadiriwa kwamba tiketi milioni 20 ziliuzwa katika wiki 6 za mwanzo. Wapiga picha wawili, Geoffrey Malins na John McDowell, walikuwako huko, na sehemu kubwa ya walichokileta ni ya kweli: mizinga, majeruhi, wafungwa, maiti. Lakini tukio lililowashtua watu kupita yote, lile la askari kupanda kutoka handakini na baadhi yao kuanguka palepale, liliigizwa nyuma ya mstari wa mapigano, kwenye eneo la mafunzo. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku zito juu ya miguu mitatu, ikizungushwa kwa mkono. Mtu wa kuisimamisha juu ya handaki saa ya shambulio asingerudi. Kwa hiyo nakielewa kishawishi chao. Kinachonigusa kama mhariri ni namna kile kipande kilivyoaminika: kiliwekwa katikati ya picha za kweli, kikaazima ukweli wa jirani zake.

Mbinu hiyo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba leo cha kweli ni chuma, yaani ndege na silaha, na cha kuigiza ni maana yake.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi inayoshughulikia maombi ya watengenezaji filamu, na matawi ya jeshi yana ofisi zao Los Angeles. Utaratibu wake uko wazi, umeandikwa katika kanuni. Mtayarishaji anayetaka helikopta, manowari ya kubebea ndege au kambi ya kupigia picha hupeleka mswada. Maofisa wanausoma, wanasema wanachotaka kibadilishwe, na mazungumzo yanaanza. Pakikubalika, ofisa mmoja hukaa na kikosi cha filamu kuangalia kwamba kinachopigwa ndicho kilichokubaliwa, na jeshi huonyeshwa filamu kabla haijatoka kwa umma. Mtayarishaji hulipia gharama za ziada, kama saa za ndege kuruka, lakini mishahara ya askari wanaoonekana halipi. Miongoni mwa mambo yanayopimwa ni kama filamu itasaidia kuandikisha askari wapya na kuwabakiza waliopo.

Hakuna anayelazimishwa. Asiyetaka masharti aende akatafute vifaa kwingine, na hapo ndipo pana nguvu yote. Kukodi kundi la ndege za kivita kwa mtu binafsi ni kugumu mno, kwa sababu wa kumkodisha ni wachache. Mwandishi anayejua hivyo huanza kujikata mwenyewe kabla hajamfikia ofisa yeyote. Katika Top Gun ya mwaka 1986, mwanamke anayependwa na rubani aliandikwa kwanza kuwa askari wa cheo cha chini. Jeshi la majini halikutaka kuonyesha mapenzi kati ya ofisa na askari wa chini, akageuzwa mtaalamu wa kiraia. Badiliko dogo, wala halimdhuru mtu. Ila linaonyesha nani ana kalamu ya mwisho.

Waliokataliwa nao wana hadithi yao. Francis Ford Coppola, alipotengeneza Apocalypse Now, filamu ya vita vya Vietnam, bila msaada wa Pentagon, yaani wizara hiyo ya ulinzi, alikodi helikopta za jeshi la Ufilipino enzi za rais Marcos, na mara nyingine ziliondoka katikati ya kazi kwenda kupigana na waasi wa kweli. Oliver Stone, aliyepigana Vietnam yeye mwenyewe, alinyimwa msaada kwa ajili ya Platoon, naye akaenda Ufilipino. Usifikiri lakini kwamba kunyimwa msaada kunaitakasa filamu. Anthony Swofford, aliyekuwa katika jeshi la Marine, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 2003 jinsi yeye na wenzake, wakisubiri kupelekwa Ghuba, walivyokaa kutazama filamu za Vietnam na kushangilia. Zile filamu zilitengenezwa kulaani vita. Vijana wenye silaha walizitazama kama karamu, kwa sababu helikopta ikipigwa picha kwa ustadi, na muziki ukapanda, mwili wa mtazamaji hujibu kabla akili haijauliza swali.

Filamu ninayoifundisha kwa kirefu ni Black Hawk Down ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2001. Inahusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Kwa vipimo vya chuma ni miongoni mwa filamu halisi kuliko zote: jeshi lilipeleka Morocco helikopta zake pamoja na marubani, askari wa kikosi maalumu cha Ranger walikuwako, na waigizaji walipelekwa kambini Marekani kufunzwa kwanza. Mwendo wa vikosi mitaani, mazungumzo ya redio, jinsi mtu anavyobadilisha magazini huku anakimbia, yote yanashawishi. Nimeitazama fremu kwa fremu, na kazi ya mhariri wake Pietro Scalia, aliyepata Oscar kwayo, naiheshimu kabisa.

Sasa tazama imeanzia wapi. Maandishi ya mwanzo yanataja njaa, yanamtaja Mohamed Farah Aidid, mbabe wa vita wa Mogadishu, yanataja kuuawa kwa askari 24 wa Pakistan tarehe 5 Juni. Yanaruka tarehe 12 Julai, siku ambayo helikopta za Marekani zilishambulia kwa makombora nyumba iliyokuwa na mkutano wa wazee na viongozi wa ukoo wa Aidid, zikaua makumi ya watu. Toa tarehe hiyo, na umati unaokimbilia helikopta iliyoanguka mwezi Oktoba unakuwa wazimu usio na chanzo. Irudishe, na mtazamaji ana la kufikiri, hata kama bado anawahurumia wale vijana waliozingirwa. Huhitaji kusema uongo hata mmoja ili kupata matokeo hayo. Unaanza tu mahali fulani badala ya pengine, na hicho ndicho ninachofanya kila siku kazini.

Kisha tazama nyuso. Wasomali wachache wenye maneno waliigizwa na watu wasio Wasomali. Wengine ni kundi linalojaa barabarani, linapigwa risasi, linajaa tena. Msafara wa uokoaji, uliokuwa na magari ya deraya ya Malaysia na vifaru vya Pakistan, unapita kwa dakika chache, ilhali askari mmoja wa Malaysia aliuawa katika kazi hiyo. Mwishoni maandishi yanasema Wasomali zaidi ya 1,000 na Wamarekani 19 walikufa. Majina yanayofuata ni ya Wamarekani peke yao.

Katika ufundi wenyewe, wengi wetu tunajifunza kutoka kwa Saving Private Ryan ya mwaka 1998, hasa mapigano yake ya ufukweni Normandy. Mpiga picha wake, Janusz Kamiński, alipunguza muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Kwa kawaida, katika filamu ya fremu 24 kwa sekunde, kila fremu hupata takriban 1/48 ya sekunde, na mwendo unakuwa na ukungu kidogo unaoulainisha. Alipofika 1/96 hadi 1/192, ukungu ulitoweka; kila punje ya mchanga ikaonekana peke yake, na watu wakatembea kwa kukatikakatika. Askari wastaafu waliguswa kiasi kwamba idara ya Marekani inayowahudumia ilifungua laini ya simu kwa waliosumbuliwa na walichokiona. Hiyo ni heshima kubwa kwa filamu. Lakini mbinu haina mwenyewe. Ukungu uleule usiokuwapo, kamera ileile ya kutetemeka, umeshaviona katika matangazo ya kuandikisha askari na katika michezo ya kompyuta. Mtindo uliobuniwa kumtisha mtu sasa unamwita.

Na hata pale, kuna mambo ambayo sote tunakubali kudanganya. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo bomu lililolipuka kilomita moja mbali hulisikia karibu sekunde 3 baadaye. Karibu kila filamu hupachika mlipuko na mwanga wake pamoja. Guruneti la kweli hutoa vumbi na vipande vya chuma kwa kufumba na kufumbua, wala halitoi lile wingu la moto wa petroli. Makosa haya wapenzi wa silaha huyakusanya kwa furaha. Kwangu ni madogo, kwa kuwa hayabadilishi tunachoamini kuhusu nani alimfanyia nani nini.

Je, filamu ikilipiwa na upande mmoja wa vita ndiyo basi, ni propaganda? La. La Battaglia di Algeri ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966, ilitayarishwa kwa mchango mkubwa wa Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi mjini Algiers wa wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka kwa Wafaransa, naye akaigiza mhusika anayemfanana yeye mwenyewe. Karibu waigizaji wote ni watu wa kawaida. Picha zake zinafanana na za habari kiasi kwamba ilibidi watangaze kuwa hakuna kipande chochote cha filamu za habari ndani yake. Kwa vigezo vingi ni kazi ya washindi. Lakini mwanamke wa FLN anapoweka bomu ndani ya mkahawa wa Wafaransa, Pontecorvo haharakishi. Kamera inapita usoni kwa wale watakaokufa, pamoja na mtoto anayelamba aiskrimu. Alikuwa na kila sababu ya kukata mapema, na hakukata. Mwaka 2003 Pentagon yenyewe iliionyesha kwa maofisa wake, wakati vita vya Iraq vinageuka kuwa vya mitaani.

Linganisha na Turist, filamu ya Kirusi iliyozinduliwa mwaka 2021 katika uwanja wa michezo mjini Bangui, kuhusu wakufunzi wa Kirusi nchini Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ilipigwa katika nchi yenyewe, vumbi ni la pale, silaha ni za kweli, na fedha zake zimehusishwa na Yevgeny Prigozhin, aliyekuwa mkuu wa Wagner, kundi la Kirusi la askari wa kukodiwa. Shaka yoyote kuhusu kazi ya watu hao nchini humo haina mahali pa kukaa ndani yake.

Kwa hiyo ninapoitazama filamu ya vita sasa, hutazama saa. Nahesabu muda ambao kamera inabaki na mtu aliyepigwa baada ya kupigwa, na kama anayebaki naye ni wa upande mmoja tu. Naangalia majeruhi wanapotoka kwenye fremu wanaenda wapi. Karibu kila mara hawaendi popote, hadithi inawaacha.

Hapo ndipo jeshi lenyewe lilipokwama. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipokuwa vikimalizika, jeshi la Marekani lilimtuma John Huston, mwongozaji aliyekuwa amevaa sare yake, apige filamu katika hospitali iliyokuwa ikitibu askari waliorudi na majeraha ya akili, huko Long Island. Hakuna mwigizaji ndani ya Let There Be Light. Wanaume wanatetemeka, wanalia, mmoja hawezi kutembea ingawa miguu yake ni mizima, na weusi kwa weupe wanakaa chumba kimoja cha matibabu. Mwaka 1946 jeshi liliizuia, likitaja faragha ya wagonjwa, na umma haukuiona kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1948 likatoa nyingine juu ya mada hiyohiyo, iliyoigizwa na waigizaji weupe, ikieleza kwamba maradhi yao yalianzia katika malezi yao ya utotoni.