Plano secuencia ni nini? Uwanja wa Huracán katika "El secreto de sus ojos"

Katika filamu ya kawaida picha hukatwa kila baada ya sekunde chache. Mtu anafungua mlango, kisha tunauona uso wake, kisha mkono wake mfukoni, kisha yule anayemsubiri ndani. Hizo ni shoti nne. Huenda zilipigwa siku tofauti, na mhariri ndiye aliyeziunga zikaonekana tukio moja.

Plano secuencia, kama wanavyoiita wasema Kihispania, huenda kinyume na hapo. Kamera inawashwa, tukio linapita mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo inazimwa. Kamera yenyewe ndiyo inayochagua tuone nini: inasogea, inageuka, inamwacha huyu na kumfuata yule. Lakini urefu peke yake hautoshi. Ukiitega kamera mezani ikarekodi watu wakila kwa dakika kumi, umepata shoti ndefu tu. Ili iitwe plano secuencia, ni lazima ibebe kipande kizima cha hadithi, chenye kuanza kwake, kugeuka kwake na kuishia kwake.

Mfano ninaoupenda unatoka Argentina. "El secreto de sus ojos" ya mwaka 2009 iliongozwa na Juan José Campanella, aliyeandika mswada wake pamoja na Eduardo Sacheri, mwenye riwaya iliyozaa filamu hiyo. Machi 2010 ilitwaa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ikawa ya pili kutoka Argentina kufanya hivyo. Ricardo Darín anaigiza kama Espósito, ofisa wa mahakama jijini Buenos Aires anayefuatilia kesi ya mwanamke aliyebakwa na kuuawa mwaka 1974. Msaidizi wake Sandoval, mlevi mwenye akili kali, ni Guillermo Francella, ambaye Waargentina walikuwa wamemzoea kwenye vichekesho.

Mtuhumiwa, Gómez, ametoweka. Kilichobaki ni barua alizomwandikia mama yake, zimejaa majina ya watu ambao hakuna anayewajua. Jibu linapatikana baa: mnywaji mwenzake Sandoval anayatambua yote kuwa ni ya wachezaji wa klabu ya soka ya Racing Club. Sandoval anahitimisha kwamba mtu anaweza kubadili sura, nyumba, hata Mungu wake, ila hawezi kubadili kile anachokipenda kupita kiasi. Basi wanakwenda kumsaka mpirani.

Hapo ndipo shoti inapoanza. Tunauona uwanja kutoka angani usiku, unawaka taa, mechi inaendelea. Kamera inashuka, inapita juu ya wachezaji, inapanda jukwaani na kumkuta Espósito akihangaika katikati ya mashabiki. Gómez anaonekana. Anakimbia, wanamfuata kwenye korido na vyooni, anaruka ukuta kwenda chini nasi tunashuka naye, anaingia uwanjani, na mwisho uso wake umebanwa kwenye nyasi. Ni kama dakika tano, na hakuna mahali jicho linapoona mkato.

Kusema kweli, mikato ipo. Hakuna mpigapicha awezaye kuruka na helikopta kisha akatua katikati ya mashabiki bila kuzima kamera. Campanella na mpigapicha wake, Félix Monti, walipiga vipande kadhaa katika uwanja wa klabu ya Huracán, Tomás Adolfo Ducó, kwa siku tatu. Kazi ya kompyuta iliyofuata ilichukua miezi tisa: kuficha viungo, na kuujaza uwanja maelfu ya watu, kwa sababu watu halisi waliokuwepo kuigiza mashabiki walikuwa kama 200 tu.

Wapo wanaosema huo ni udanganyifu, na kwamba plano secuencia halali ni ile iliyopigwa kwa mkupuo mmoja. Sikubaliani nao. Mwongozaji Alfred Hitchcock alificha mikato tangu mwaka 1948 katika filamu yake "Rope", kwa kuisogeza kamera hadi mgongo wa mwigizaji ujaze picha, kwa kuwa mkanda mmoja ulitosha dakika kumi hivi. Mtazamaji hakai akihesabu viungo. Kinachomshika ni kwamba muda haurukwi. Kila hatua anayoipiga Espósito tunaipiga naye, na tunaijua vizuri njia kutoka jukwaani hadi chooni, maana tumepita wenyewe.

Filamu hii ina sababu ya pekee ya kuitumia mbinu hiyo, na kuitumia kwa nguvu namna hiyo mara moja tu. Hadithi yake inaruka miaka 25: Espósito mstaafu, mwaka 1999, anajaribu kuandika riwaya kuhusu kesi ile, na kumbukumbu zake zinakuja vipandevipande. Pale uwanjani wakati unatiririka bila kukatika. Filamu nyingi za siku hizi zinajisifu kwa shoti zisizokatwa kana kwamba ugumu wa kuzipiga ni sifa tosha, na matokeo yake mtu anaishia kuitazama kamera badala ya wahusika.

Campanella hakunogewa. Mara tu baada ya mbio hizo Gómez anahojiwa ofisini, na bosi wa Espósito, Irene, anayeigizwa na Soledad Villamil, anagundua kwamba macho ya mtuhumiwa yamenasa kifuani pake. Anaanza kumkejeli uanaume wake hadi jamaa analipuka na kukiri. Onyesho hilo linarudi kwenye mikato ya kawaida, uso kwa uso, kwa sababu pale kila kitu kinategemea nani anamtazama nani, na kwa sekunde ngapi.