Jeraha, neva na maumivu: maswali kutoka Goma

Nilianguka na chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya mawe ya volkeno, goti likachubuka na kuvimba. Mbona hata maji ya vuguvugu yanachoma pale?

Seli za kinga zikifika kwenye jeraha hutoa saitokini, yaani molekuli za kuchochea uvimbe, hasa TNF na interleukini-1. Hizo huziamuru seli za hapo zitengeneze NGF, protini inayokuza neva. NGF hushika TrkA, kipokezi (protini inayopokea ujumbe) kwenye ncha ya neva ya maumivu, na dakika chache baadaye kipokezi kingine, TRPV1, kinalegea. Hicho ndicho kinachoamshwa na pilipili, au na joto la nyuzi 43 hivi. Kikilegea, joto dogo zaidi linatosha kukiamsha.

NGF pia huzichokoza seli zenye histamini, kemikali ya kuwasha na kuvimbisha, nazo hutoa saitokini zaidi. Mzunguko huo ukikosa kukatika, uvimbe hukaa.

Kumbe protini ya kujenga ndiyo inaumiza?

Ndiyo. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, Rita akiwa ameonyesha tangu miaka ya 1950 kwamba kuna kitu kinachochipusha neva. Mtoto anayezaliwa na TrkA isiyofanya kazi hasikii maumivu kabisa: hujing'ata ulimi, huungua bila kujua. Afadhali goti liume.

Si tuizime NGF basi?

Imejaribiwa. Tanezumab, kingamwili inayoizuia, ilipunguza maumivu ya magoti, lakini viungo vya baadhi ya wagonjwa viliharibika haraka, zaidi kwa waliochanganya na dawa za jamii ya ibuprofeni. Mwaka 2021 jopo la washauri nchini Marekani liliikataa kwa kura 19 dhidi ya 1.

Ninywe nini?

Mtu mzima: parasetamoli gramu 1, kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, mwenye ugonjwa wa ini amuulize munganga kwanza. Au ibuprofeni mg 400 baada ya kula, mara 3 kwa siku, siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse. Usiiongezee diklofenaki: ni jamii moja, faida haiongezeki, tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Na ubongoni?

Huko mambo hugeuka. Katika majaribio ya wanyama, interleukini-1 ikizidi hushusha BDNF, ndugu wa NGF anayesaidia kumbukumbu. Mazoezi huipandisha.

Panga lilinikata kwenye kifundo cha mkono, vidole vina ganzi. Nisubiri?

Usisubiri, nenda hospitali leo. Neva iliyokatika kabisa hushonwa, na mapema ni bora. Ikishaunganishwa hukua milimita 1 hivi kwa siku, kwa hiyo sentimita 15 ni kama miezi 5. Njiani kandamiza kwa kitambaa safi, mkono ukiwa juu. Usitie majivu wala unga wa kapsuli: uchafu huleta maambukizi, uvimbe hurefuka, na kovu nene huizibia neva njia.