Idhini kwanza, usukani baadaye: kwa wanaonunua kampuni za ushauri wa mifumo ya biashara

Mwishoni mwa mwaka 2027 SAP, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza programu za kuendesha biashara, inafunga matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani uitwao ECC, na atakayetaka kuendelea nao hadi 2030 atalipa zaidi. Wateja wanahama, wataalamu wa kuwahamisha hawatoshi, na kampuni za ushauri zinanunuana ili ziwapate. Sisi wa mamlaka ya ushindani, tunaopitia na kuidhinisha miungano ya kampuni, tunaliona jambo hilo mezani kwetu. Mafaili yanaongezeka, na mengi yanafika mnunuzi akiwa ameshaanza kutoa amri ndani ya kampuni ambayo bado hajaruhusiwa kuishika. Waombaji wengi wana nia njema. Kinachowaponza ni dhana chache ambazo tumezijibu mara nyingi mno.

Ya kwanza ni “sisi ni wadogo.” Kampuni ya ushauri hukua kwa kubobea: inachagua mfumo mmoja, sekta moja, pengine hata kazi moja kama mishahara au maghala, na baada ya miradi kadhaa inajua data zitakwama wapi kabla mteja hajasema. Hilo ni jema. Lakini ubobezi huohuo ndio unaofinya uwanja mtakaopimiwa, yaani soko. Hatuangalii programu zote za biashara duniani. Tunauliza: mteja huyu, mwenye mfumo huu na mahitaji haya, angemwita nani mwingine ninyi wawili mkishakuwa kitu kimoja? Jibu likiwa kampuni moja tu, udogo wenu hautoshi kuwa utetezi, na katika nchi nyingi mamlaka inaweza kuuita kwa uchunguzi hata muungano ulio chini ya kiwango cha mapato kilichowekwa.

Mpaka wa soko lazima uthibitishwe, na wajibu huo unatubana hata sisi. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuizuia kampuni ya programu ya Oracle isiinunue mshindani wake PeopleSoft, ikidai kwamba katika programu za fedha na rasilimali watu za mashirika makubwa wauzaji wa kweli walikuwa watatu tu: hao wawili na SAP. Jaji aliona mpaka huo haukuthibitishwa, na ununuzi ukakamilika Januari 2005. Basi leteni ushahidi: zabuni mlizoshinda, mlizoshindwa, na aliyewashinda. Barua inayosema “ushindani ni mkali” haitusaidii.

Dhana ya pili: “Hatukununua hisa, tumechukua timu na mikataba yake tu.” Kwa kawaida sheria hutazama nani anaishika biashara baada ya makubaliano. Ukichukua wataalamu wote wa kitengo pamoja na wateja wao, umechukua biashara hata kama jina la kampuni limebaki kwa muuzaji.

Kuhusu utaratibu, tafadhali someni kwa makini. Faili hubeba mkataba wa ununuzi au rasimu iliyokubaliwa, hesabu zilizokaguliwa za pande zote, orodha ya wamiliki, wateja wakubwa, washindani, na nyaraka ambazo bodi ilizitumia kuamua bei. Siku za uchunguzi huhesabiwa tangu faili likamilike. Hazihesabiwi tangu lilipopokelewa, na hapo ndipo malalamiko mengi huanzia. Katika Umoja wa Ulaya hatua ya kwanza huchukua siku 25 za kazi, na uchunguzi wa kina huongeza 90. Marekani muda wa kawaida wa kusubiri ni siku 30. Pangeni malipo na tarehe ya kufunga mkataba kwa kufuata muda huo.

Kuhusu adhabu, ukomo katika Umoja wa Ulaya ni asilimia 10 ya mapato ya mwaka ya kampuni yote. Mwaka 2018 kampuni ya mawasiliano ya Altice ilitozwa euro milioni 124.5 kwa kuanza kuingilia uendeshaji wa kampuni ya simu ya PT Portugal, iliyokuwa ikiinunua, kabla ya idhini. Mahakama baadaye zilipunguza kiasi hicho kidogo, ila kosa lilibaki. Mfano ulio karibu zaidi na kazi yenu ni wa kampuni ya programu ya Computer Associates, iliyoinunua kampuni nyingine ya programu, Platinum, mwaka 1999. Kabla muda wa kusubiri haujaisha ilitaka punguzo lolote la zaidi ya asilimia 20 kwa wateja wa Platinum lipitishwe kwake kwanza. Iliimaliza kesi hiyo mwaka 2002 kwa dola 638,000. Idhini ya kununua haikuifuta tabia hiyo.

Wakati wa kusubiri mnaweza kukagua vitabu na kupanga jinsi ya kuunganisha ofisi. Bei za kila mteja zisomwe na kikundi kidogo kisichohusika na mauzo. Msiwasilishe zabuni ya pamoja, msipangiane wateja, na meneja wa upande mmoja asiwaagize washauri wa upande wa pili.

Nje ya mamlaka yetu, lakini linaturudishia mafaili yaliyoharibika, ni suala la watu. Vyeti vya mifumo hii hutolewa kwa mtu binafsi, na hadhi ya ushirika na mtengenezaji wa programu mara nyingi hutegemea idadi ya wenye vyeti. Wakiondoka, hadhi inaweza kwenda nao. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 3, kinachohusu ununuzi wa biashara, hakiruhusu kuiandika timu ya wafanyakazi kama mali inayojitegemea, na malipo ya baadaye yanayokoma pale muuzaji anapoacha kazi huhesabiwa kuwa ujira wake. Hayaingii kwenye bei ya ununuzi. Tukikuta takwimu hizo zimechanganywa tunarudisha hesabu, na siku zinasimama. Someni pia mikataba ya wateja: mingi inadai ridhaa yao mmiliki anapobadilika.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya sheria ya nchi yenu. Aliyekwisha kuanza kuendesha kampuni aliyoinunua bila idhini asisubiri barua ya mamlaka. Aende mwenyewe, na abebe mkataba, tarehe halisi aliyoanza kutoa maagizo, na orodha ya maamuzi yote yaliyofanywa tangu siku hiyo.