Je, wajua kwa nini chakula unachokilaumu huenda hakina kosa?

Mtu akila viazi karai jioni na pilipili ya ukwaju, kisha baada ya robo saa tumbo likamsokota akakimbilia chooni, kesho yake huvisusia viazi. Mara nyingi amemhukumu asiye na hatia. Chakula kinapofika tumboni, utumbo mpana hupokea ishara ya kujikaza ili upishe nafasi, na kinachotoka wakati huo ni cha jana. Viazi bado viko kwenye mfuko wa tumbo.

Ishara hiyo tunayo sote. Kwa mwenye utumbo sumbufu, hali ambayo madaktari huiita IBS, huja kwa nguvu zaidi. Kigezo kinachotumika tangu 2016 ni maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki ndani ya miezi 3 iliyopita, yakiambatana na angalau mawili kati ya haya: kwenda haja, mabadiliko ya mara unazokwenda, au mabadiliko ya choo chenyewe: kigumu, chepesi, au zamu kwa zamu. Dalili zenyewe ziwe zimeanza miezi 6 au zaidi iliyopita. Lakini kabla ya kujipa jina hilo, pima kwanza. Pwani yetu ina amiba na jiardia, vijidudu vya utumbo, na zote mbili huweza kuiga hali hii. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, au kuamshwa usiku na kuhara si mambo ya kutibu kwa kubadilisha mlo. Hayo ni ya daktari, upesi.

Basi chakula huumiza vipi? Kuna sukari na wanga wa molekuli fupi ambao utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Baadhi yake huvuta maji, choo kikalegea. Inayobaki hufika utumbo mpana, bakteria wakaichachusha na kutoa gesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio waliokusanya vyakula hivyo katika kundi moja wakaliita FODMAP. Gesi hiyo humpata hata mtu mzima wa afya. Tofauti ni kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo wa mwenye IBS ni myepesi kuhisi, kwa hiyo kinachompitia jirani kama mngurumo tu, yeye kinamfurisha tumbo na kumuuma.

Hapo ndipo saa zinapotuchanganya. Chukua mahamri na mbaazi za nazi, zilizoliwa saa moja asubuhi. Mbaazi zina galaktani, aina mojawapo ya FODMAP, na binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Unga wa ngano wa mahamri una fruktani, aina nyingine ya FODMAP, nazo hali kadhalika. Uchachushaji huanza vyote viwili vikishafika utumbo mpana, saa kadhaa baadaye. Tumbo linajaa saa nane mchana, mara tu baada ya wali na samaki wa kupaka, na samaki anabeba lawama. Samaki hana wanga wa kuchachuka! Ukitafuta chanzo, rudi nyuma hadi siku nzima, usiishie kwenye sahani ya mwisho. Laktosi ya maziwa ndiyo hujitangaza mapema kidogo, pengine ndani ya saa 1 au 2.

Jikoni kwetu, mshukiwa mkubwa ni kitunguu, pamoja na thomu. Vimo kwenye pilau, biriani, mchuzi, kachumbari, hata kwenye unga wa mchuzi wa paketi. Wengi huchambua vipande vya kitunguu na kuviweka kando ya sahani wakidhani wamepona. Haisaidii. Fruktani huyeyuka majini, kwa hiyo zimeshaingia kwenye rojo na kwenye wali. Haziyeyuki kwenye mafuta, na hapo ndipo pa kupitia: kaanga punje za thomu au vipande vikubwa vya kitunguu kwenye mafuta matupu, viopoe vyote kabla ya kutia nyanya au maji, kisha endelea kupika. Ladha inabaki, fruktani zimetoka. Majani ya kijani ya vitunguu, tangawizi, iliki, mdalasini, bizari na dania havina shida hiyo.

Mbaazi, kunde na ndengu ziloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga na maji ya kwanza. Hazitakuwa salama kabisa, lakini sehemu ya galaktani huenda na maji. Embe na asali zina fruktosi (sukari ya matunda) nyingi, tikitimaji na tende navyo vimo kwenye orodha. Ndizi ikiiva mno huongeza fruktani, ile iliyo ngumu kidogo ni nafuu. Pilipili, kahawa tungu na mafuta ya bhajia si FODMAP, ila huweza kuchokoza utumbo kwa njia nyingine, kwa hiyo usivibadilishe kiasi wakati wa jaribio.

Jaribio lenyewe lina sehemu mbili. Kwanza ondoa kundi lote kwa wiki 2 hadi 6. Bado una chakula: wali, ugali wa mahindi, vibibi na vitumbua vya mchele, viazi, muhogo kwa kiasi, samaki, kuku, mayai, mchicha, karoti, tango, papai, nanasi, chungwa. Tui tumia jepesi. Andika kila siku ulichokula, kiasi, saa, maumivu kwa alama 0 hadi 10, na choo kilivyokuwa. Wanawake waongeze siku za hedhi, kwa sababu huvuruga matokeo. Usianze Ramadhani, wala wiki ya harusi.

Ukipata nafuu, rudisha aina moja moja kwa siku 3, ukipandisha kiasi. Maziwa: mililita 60, kisha 125, kisha 250. Mbaazi zilizochemshwa: vijiko 2 vya mezani, robo kikombe, nusu kikombe. Thomu: robo punje, nusu, punje nzima. Kitunguu maji kipime peke yake. Ngano ipime kwa mkate wa kawaida, slesi 1, kisha 2, kisha 3. Mahamri hayafai, maana yana tui na mafuta, hutajua kilichokuuma. Dalili zikija, simama hapo, andika kiasi, kisha pumzika siku 2 au 3 za utulivu kabla ya aina inayofuata. Usipopata nafuu yoyote katika wiki 6 za mwanzo, rudia mlo wako wa zamani. Kisababishi si hiki.

Usibaki kwenye mlo wa kuondoa kwa miezi. Bakteria wazuri hupungua wakikosa chakula chao. Mjamzito, mtoto, aliyekonda na mwenye kisukari wasianze bila mtaalamu wa lishe. Vipimo vya damu vya IgG vinavyouzwa kama vya kutambua vyakula unavyovikataa, hifadhi pesa zako: huonyesha tu kwamba umewahi kukila chakula hicho. Kipimo cha siliaki, ugonjwa ambao ngano hudhuru utumbo, kwa upande mwingine, kina maana, lakini kifanywe kabla hujaacha ngano. Ukishaiacha kinaweza kusema huna na ilhali unao.

Kisha kuna hesabu ya jumla. Slesi 2 za mkate zinaweza kupita salama, na glasi ya maziwa ikapita salama siku nyingine. Ukiziweka pamoja na embe kwenye kiamshakinywa kimoja, tumbo likagoma. Kiasi ulichoandika ni cha kitu kimoja kikiwa peke yake, kwa hiyo vinapokutana viwili, anza na nusu ya kila kimoja.